Rimoti Niliyoificha Kabatini

Jumamosi, mwezi wa saba. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, na baridi ni ile ya Eldoret inayoingia hadi kwenye meno.

Siwezi kukaa. Nimefua, nimekunja, nimepanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari. Mikono yangu ikikosa kutulia hivi, najua kuna kitu nakikwepa. Basi wacha nikiandike.

Nyumba hii ninayopanga ina AC. Watu wakisikia hucheka, eti AC ya nini kwenye mji ambao wenyewe ni friji? Lakini mashine hii hutoa joto pia. Mwenye nyumba aliiweka sebuleni kabla ya kuhamia ng'ambo, nami nikaikuta. Kwa miaka miwili sikuigusa. Nilivaa sweta mbili, nikanywa chai, maisha yakaenda.

Kisha mwezi wa tano Mama akaja.

Mama ametoka Ahero, kwetu, upande wa ziwa, ambako jua halijui kupumzika. Alilazwa na nimonia, na alipotoka daktari akasema asikae peke yake. Nilimleta kwa furaha. Nikamwonyesha rimoti, nikamwambia, "Mama, ukisikia baridi, bonyeza hapa."

Akabonyeza. Alikuwa akiwasha asubuhi na hazimi mpaka aende kulala. Anaweka nyuzi thelathini, mlango wa korido wazi, dirisha la jikoni wazi kwa sababu hapendi harufu ya gesi. Tokeni za stima zilizokuwa zikinitosha mwezi mzima zikawa zinaisha kwa siku nane. Nikirudi kutoka shuleni ninakofundisha, napokelewa na mlio wa mita ikidai tokeni.

Nilimweleza. Funga mlango, Mama. Weka ishirini na mbili. Zima chumba kikishapata joto. Aliitikia yote, na jioni nikirudi nakuta thelathini.

Kwa hivyo Jumatatu ya wiki iliyopita nilifanya jambo ambalo sijamwambia mtu. Niliificha rimoti kabatini, chini ya leso, nikamwambia imeharibika na nitaipeleka kwa fundi.

Nilimdanganya mama yangu mgonjwa.

Hakulalamika hata kidogo. Hilo lingepaswa kunishtua, lakini mimi niliangalia mita tu. Tokeni zilikuwa haziendi mbio tena, nikajipongeza.

Alhamisi niliruhusiwa kutoka mapema, nikafika nyumbani saa nane mchana. Mlango umefungwa, Mama hayuko. Niliita. Nikaangalia bafuni, nikaangalia nyuma kwenye kamba za nguo, nikatoka hadi barabarani na malapa miguuni. Kichwani nilishamwona ameanguka mahali.

Nilimkuta nyumba ya nne, kwa Mama Chebet, mwenyeji wa Ainabkoi ambaye hutuuzia maziwa. Alikuwa ameketi jikoni karibu na jiko la makaa, kikombe mkononi, soksi zake zilizolowa zimetundikwa juu ya kiti.

"Karibu, Mwalimu," Mama Chebet akasema. "Gogo anashinda na mimi siku hizi. Alisema mashine yenu imekufa."

Gogo, ndivyo wanavyomwita nyanya huku. Mama yangu, asiyejua neno la Kikalenjin, amepewa jina jipya na mimi sina habari.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu ile wiki ingine. Ukienda kazi tu, anakuja na fimbo yake, pole pole. Nilidhani unajua."

Kutoka kwetu hadi pale ni matope matupu. Nilifikiria ile fimbo, asubuhi baada ya asubuhi, kwenye ukungu. Nilifikiria moshi wa makaa na yale mapafu. Nilitamani ardhi inimeze.

Tulirudi nyumbani. Nilikuwa nimepanga uongo mwingine, kwamba fundi ameitengeneza. Haukutoka. Nilitoa rimoti kabatini nikaiweka mezani.

"Niliificha," nikasema.

"Najua," Mama akajibu. "Niliiona siku ya pili nikitafuta leso."

"Na mbona hukuwasha?"

"Mita ikilia, unakunja uso, Achieng. Nikasema huyu mtoto amechoka na mimi, ila hajui ataniambiaje. Nilikuwa nangoja wiki iishe nikuombe nauli nirudi Ahero."

Na bado alimwambia jirani kwamba mashine imekufa. Alinifunikia aibu.

"Sijachoka na wewe, Mama. Nimechoka na tokeni."

Akacheka, akakohoa, akacheka tena. Mimi nilikuwa nalia.

Leo asubuhi tumepanga pamoja, jambo ambalo ningepaswa kulifanya tangu mwanzo. Nimefungua mashine nikaosha machujio yake, vumbi lilikuwa nene kama sufi. Tumetundika pazia zito mlango wa korido. Chini ya mlango wa nje nimesukuma tambara. Mama mwenyewe ndiye aliyechagua saa: atawasha saa moja hadi saa tatu asubuhi, na tena jioni, ishirini na mbili. Mchana akitaka kampani, Mama Chebet ndiye atakayekuja huku. Nauli hajaitaja tena.

Lakini sijui kama aliniamini. Kuna maneno ukishamfanya mtu ayafikirie, kukana kwako hakuyafuti siku hiyo hiyo.

Sasa hivi yuko sebuleni. Mashine inavuma. Si saa yake tuliyopanga, na miguu yangu inataka kwenda kusoma mita. Nikipita koridoni atasikia, na atajua ninakokwenda.

Mita itangoja Jumatatu.

Nachemsha chai, vikombe viwili, naenda kukaa naye huko kwenye joto.