Vifupisho Mia Mbili na Kumi na Viwili

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima, ila miguu imevimba kidogo kwa kusimama, na naomba barua hii ikukute goti lako limetulia na Mama ameacha kukohoa. Mwambie ile dawa ainywe mpaka iishe, asiikatize kwa sababu amepata nafuu. Kaka amenisimulia ulivyoipokea habari ya ajira yangu, hata ukaenda kunyoa siku isiyo yako ili tu uwaeleze watu kwa kinyozi. Nilicheka, ila kuna jambo hulijui. Ndiyo maana nimeshika kalamu, nikueleze mwenyewe nilivyoipata kazi hii.

Unakijua kile chumba nilichokuwa nikitoa fotokopi, mkabala na ofisi za serikali. Makarani waliniachia majalada yao, wakaenda kunywa chai. Tangazo la mtihani wa ukarani lilipobandikwa, lilisema wazi kwamba sehemu ya kwanza ni vifupisho vya serikali. Nikamwomba karani mmoja anisaidie orodha. Akaniambia mtihani ule si wa watu wa kubonyeza vitufe. Nilizipanga nakala zake, nikampa.

Kuanzia siku hiyo, kila kifupisho kilichopita mikononi mwangu nilikiandika. Vilifika mia mbili na kumi na viwili. Nilivibandika ukutani juu ya beseni, ndani ya mlango wa kabati, hata kwenye vifuniko vya sufuria, na jirani yangu fundi cherehani akawa ananiuliza huku anashona. KUFA tulikicheka siku nzima. Ni Kitengo cha Uhakiki wa Fomu za Ajira, naye akasema jina limempata mwenyewe, kwani fomu zikishaingia huko hazitoki. Fundi yule hakumaliza darasa la nne, lakini nikikosea neno moja alinirudisha mwanzo bila huruma.

Mtihani wa kuandika nilishika nafasi ya pili kati ya watu themanini na sita. Usaili ndio ulikuwa shughuli. Nilikuta meza ndefu, watu watatu, na katikati amekaa Mkurugenzi, bosi wako wa zamani, yule uliyembebea majalada miaka ishirini na saba. Hakunijua. Aliniuliza TABU ni nini. Nikajibu ni Taarifa ya Bajeti ya Umma. Akatikisa kichwa, akasema ni Taarifa ya Bajeti ya Uendeshaji, na kwamba ubaya wa watu wa nje ni kukariri wasichokielewa.

Baba, ningeweza kuinamisha kichwa yakaisha. Nilimwambia kwa adabu kwamba hiyo ilikuwa zamani, neno la mwisho lilibadilishwa kwa waraka wa mwaka juzi, na nakala mia tatu za waraka huo nilizitoa mimi. Mama mmoja wa miwani, aliyekaa kushoto kwake, akafungua jalada, akapekua, akasema polepole, "Yuko sahihi, mzee."

Mkurugenzi akanitazama, kisha akauliza mimi ni binti wa nani.

Nikasema, "Samahani, mzee, hilo halimo kwenye mtihani."

Sasa nifike pale moyo unaposita. Ile barua uliyomwandikia Mkurugenzi anifikirie, ukanipa nimpelekee mkono kwa mkono, sikuipeleka. Nasikia unawaambia watu kwamba ndiyo iliyonifungulia mlango. Haikufungua chochote, Baba, haikutoka kwenye begi langu. Nimekurudishia humu ndani, gundi yake haijaguswa. Najua ulivyoiandika kwa taabu, hata mistari ya anwani juu ya bahasha imepinda, na sikuidharau. Lakini miaka yote hiyo ulisimama nje ya mlango wake ukingoja kuitwa. Mimi sikutaka kuombewa niingie. Na jina lako sikulificha kwa aibu. Sikutaka alipime kwa mara nyingine.

Wamenipangia tawi la mwisho kabisa, masjala ya dirisha moja na majalada yaliyolala sakafuni. Wengine wanasema nimeadhibiwa kwa sababu ya mdomo wangu. Na iwe. Nilifika Jumatatu, Alhamisi kila jalada lilikuwa kwenye rafu, na msimamizi wangu ameanza kuniuliza vifupisho badala ya kunifundisha.

Ukikasirika, kasirika, mimi ni mwanao, hasira zako nimezizoea. Hiyo barua uichome au uitunze, hiari yako. Kazi ni yangu.

Mpe Mama salamu zangu zote, na Kaka, na watoto wake mmoja mmoja, asirukwe hata aliyenuna. Nakutakia afya na usingizi mzuri.

Ni mimi, kitinda mimba wako,
Karani wa Masjala