Hita Iliyochomolewa

Jumatatu, 3 Machi

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Wiki sita narekodi seli za ubongo mdogo, ule wa kisogoni unaoongoza mwendo. Panya wagonjwa: seli zinapiga ovyo, zinasimama, zinaanza tena. Panya waliopewa dawa ya kuziba milango ya seli inayopitisha potasiamu: zinapiga sawasawa kama cherehani. Leo nimefungua rekodi za joto la beseni la maji ya chumvi ninamoweka seli. Panya wasio na dawa, nyuzi ishirini na mbili. Wenye dawa, thelathini na nne! Kwenye baridi milango hiyo hufunguka na kujifunga polepole, seli yoyote inaharibu mpigo. Kuna mtu alichomoa hita inayopasha beseni joto. Nani?

Jumanne, 4 Machi

Bosi anasema makala imeshatumwa, maji yakimwagika hayazoleki. Kwake ni makala tu. Dada yangu ana ugonjwa huohuo wa panya wangu: anatembea kwa kushika ukuta, chai anainywa kwa mrija. Jumatatu ijayo daktari wake anamwachisha vidonge vya zamani, vinavyomwezesha angalau kusimama, aanze dawa hii. Kwa sababu ya grafu zangu! Amenunua viatu vyenye kisigino. Kidogo tu, ananiambia, kisigino cha heshima.

Jumatano, 5 Machi

Nimemfokea fundi wa maabara mbele ya watu. Mama mtu mzima. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akasema: Mwanangu, beseni lako sijawahi kuligusa, kasome daftari lako.

Mwanangu! Nilibamiza mlango.

Alhamisi, 6 Machi

Nimesoma. Mwandiko wangu: "Mvumo wa umeme unaharibu rekodi. Nimechomoa hita kwa leo." Kwa leo — wiki tatu! Kisha fundi akafunga waya mpya wa athi, wa kupeleka umeme ardhini, mvumo ukaisha, nikairudisha hita, nikaanza panya wenye dawa. Nikasahau kabisa. Mjinga mimi. Na yule mama jana alikuwa anajua, akanisitiri mbele ya watu.

Ijumaa, 7 Machi

Panya mzima, hita imezimwa: seli zimepiga ovyo vilevile. Basi, tofauti ilikuwa joto, si dawa.

Nimemwomba fundi radhi. Akasema radhi yake ninayo, nikamtafute daktari wa dada.

Nimemwandikia daktari barua, bado sijaituma. Nilitaka dada aisikie kwanza kutoka kwangu. Nimefika kwake, niko mezani naandika haya. Sijamwambia bado; yuko chumbani anavaa vile viatu. Mdogo wangu, anasema, usije kunishika, leo nakuja mwenyewe. Namsikia. Kisigino kimoja. Kimya. Kisigino. Mkono unakwaruza ukuta.