Ungo Unaotazama Chini

Nyumbani, nyuma ya Buigiri
Alhamisi

Dada yangu mpendwa Edina,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu wote, na kwamba joto la Tanga halijawamaliza. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama anakusalimu, mbukwa, na anauliza mbona siku hizi sauti yako kwenye simu imekonda. Kula, dada. Macho yake ndiyo hivyo, haoni kitu, ila masikio! Jirani akichuma mlenda uani kwake, Mama anajua kama ameacha majani. Ndiyo sababu sikupigi simu. Hapa nyumbani hakuna pa kujificha asisikie, na haya nisingependa asikie nikiyasema. Barua nampa dereva wa lori la mahindi anayetoka Kibaigwa kuja huko.

Ule ungo wa TV uliomnunulia Mama nilimfungia mwenyewe, na kazi yangu unaijua, huku ninakoishi Mkonze nzima mimi ndiye fundi wao. Huku kwetu satelaiti ile iko karibu utosini, kwa hiyo ungo unalala chali kama beseni linalosubiri maji. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mawingu yalikuwa yakija kutoka mashariki, yakifika juu ya nyumba yetu yanagawanyika, kila moja na njia yake. Watu wakasema ni ungo wa mama Edina, umeikodolea mbingu macho, mvua inaona haya kushuka. Nikacheka, nikawaambia kama ni hivyo Dodoma mjini pangekuwa jangwa. Hakuna aliyecheka. Filipo, mwenyekiti wa kitongoji, alinivuta pembeni akaniambia kwa upole kwamba yeye binafsi hana neno, ila vijana wanasema mjane aliyefunga mvua hawezi kulala usingizi kwenye kijiji chenye njaa. Maneno hayo, dada, unajua mwisho wake ni kiberiti.

Basi nikaugeuza. Wanaume walisimama uani wakinielekeza, eti mimi! Nikauinamisha kidogo, wakasema bado. Nikauelekeza kilimani, wakasema bado. Walitaka uiname kabisa, utazame udongo, kama mtu anayeomba radhi. Nikakaza nati huku nimenuna, maana fundi gani anafunga ungo hivyo? Mafundi wenzangu wangeniona wangenicheka mpaka wakae chini. Nikawasha TV, king'amuzi kikaandika hakuna mawimbi, nikamwambia Mama pole, itabidi arudi kwenye redio.

Mvua ikanyesha wiki ileile. Ikanyesha haswa! Uwele ukasimama, na watu wakipita wanaugusa ungo kwa heshima. Kwa hiyo elewa, dada, ungo ule haugeuzwi tena wala haung'olewi. Ukisogezwa, halafu mvua ikakata, watakuja kwa Mama.

Sasa nisikilize vizuri. Nilipokuja tena kumtembelea, nilimkuta Mama amekaa mbele ya TV baada ya chakula cha mchana, saa zile redio ilizokuwa ikisoma matangazo ya vifo. Kioo cheusi tii, naye ameinamisha kichwa anasikiliza. Nikamuuliza anasikiliza nini. Akasema vifo. Leo, akasema, wamemtangaza Elisha, yule mwashi aliyejenga tangi la kanisa. Nikamwambia Mama, Elisha nimepishana naye asubuhi yuko juu ya baiskeli. Akasema basi apelekwe akamsalimie. Gladness, mke wa jirani yetu, akamshika mkono wakaenda. Mama akamshukuru Elisha kwa tangi lake, wakanywa chai, wakacheka sana. Kabla ya Jumapili tulikuwa tumemzika.

Akafuata Lydia mshona nguo. Mama akaenda, akamshukuru kwa gauni la mwaka fulani. Lydia naye tukamzika. Nilimkataza Mama, dada, nilimkataza kwa ukali ambao si wa mtoto kwa mzazi. Akanijibu kwamba huwezi kujua jirani yako anaondoka ukakaa ndani unakula. Kisha siku moja akaomba fimbo yake, akasema safari hii atakwenda peke yake. Alikwenda kwa Gladness. Akaomba ampakate mtoto wake mchanga, akamwimbia, akamrudisha kwa mama yake. Yule mtoto, Mungu amrehemu, hakumaliza wiki.

Tangu hapo Gladness hapokei salamu yetu. Kijiji kizima kimeshahesabu, na hesabu yao ni rahisi: anayetembelewa na mama Edina anakufa. Wakisikia fimbo yake barabarani wanafunga milango, mchana kweupe, na yeye anasimama nje anabisha hodi kwa upole, anadhani hawapo. Hapana, si kweli. Na masikio yale, anawasikia wakipumua.

Niling'oa nyaya zote, TV nikaipeleka Mkonze. Niliporudi nikamkuta amekaa palepale, anasikiliza. Akaniambia sauti haijawahi kuwa kwenye TV, iko kwenye ungo. Jana mchana, jua linawaka, nilitoka nikapiga magoti nikaingiza kichwa chini ya ungo ule, nikijiona mpumbavu. Dada, nimesikia. Haki ya Mungu nimesikia. Sauti ya mwanamke, safi, anasoma taratibu kama walivyokuwa wakisoma zamani, na tangazo lilikuwa la Mama yetu. Jina lake lote, mpaka la ubatizo. Habari ziwafikie binti yake Edina aliyeko Tanga, mkwewe, wajukuu, mjomba Thomas wa Kongwa, pamoja na ukoo wote popote walipo. Kisha kimya. Nilingoja mpaka magoti yakafa ganzi. Mimi mtoto wake wa kiume, niliyezaliwa ndani ya nyumba hii, sikutajwa.

Nilipoingia ndani Mama aliniuliza kama nimesikia. Nikasema nimesikia. Akauliza kama nimesikia mpaka mwisho, mpaka majina. Nikasema ndiyo. Leo asubuhi alikuja na fimbo yake mpaka mlangoni pa chumba changu, akabisha hodi kama mgeni, akakaa kitandani kwangu na kunishukuru kwa kila kitu tangu nilipokuwa mdogo. Nimelia, dada, sikufichi.

Kwangu Mkonze nina vyumba viwili, na ningemchukua leo. Lakini unaona mwenyewe kwamba mimi si wa kuachiwa mzee. Tangazo halikusema atakufa kwa nini, na ninachotaka ni iwe kitandani kwako, si hapa, mikononi mwa watu waliofiwa wenye hasira. Usije kwa ajili yangu. Usimwambie mjomba, ataleta maombi na makelele. Panda basi la kwanza, mchukue, na ungo uuache ulivyo, umeinama.

Msalimu shemeji. Wabusu wapwa zangu, na yule mkubwa mwambie asome. Njoo mapema, dada, ili Mama akibisha hodi awepo mtu wa kumfungulia.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Bartolomayo