Nimeitwa Nairobi Kuuliza Tu, Nyumbani Wameshasoma Dua ya Kazi

Mpendwa mshauri Bi Kibibi, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba uniwahi kabla ya Alhamisi ijayo, maana siku hiyo natakiwa niwe Nairobi saa nne asubuhi, na hapa nyumbani Garsen mambo yameharibika na aliyeyaharibu ni mimi mwenyewe kwa kunyamaza.

Mimi ni Abdia, Muorma, nina miaka ishirini na sita, nilimaliza chuo miaka mitatu iliyopita na tangu hapo nafanya kibarua cha kukaa kwenye soko la mifugo nikiandika bei za ng'ombe na mbuzi na kuwauliza wachungaji kwa nini wanauza wakati huu, lakini moyo wangu uko kwenye kazi nyingine, ile ya washauri wa makampuni, yaani wale watu ambao kampuni au hospitali ikiona mambo yake hayaendi na haijui kwa nini, inawaita, wanakaa hapo wiki kadhaa wakiuliza na kupima, halafu wanasema tatizo liko hapa, fanyeni hivi. Kwetu simjui hata mmoja anayeifanya kazi hiyo. Basi nikamwandikia mama mmoja mtandaoni, anaitwa Asenath, ameifanya miaka kumi na miwili, nikamwomba anieleze tu ilivyo, na nilijua hatajibu, lakini akajibu. Aliandika: "Nitakupa nusu saa ofisini kwetu. Si intavyuu na sina kazi ya kukupa. Njoo na maswali, CV iache nyumbani."

Kwa furaha nikamwambia binamu yangu Ahmad kwamba nimeitwa Nairobi na mtu wa kampuni, na Bi Kibibi, hayo tu ndiyo niliyosema, lakini kufika jioni habari ilikuwa Abdia amepata kazi Nairobi, na mama yangu Gumato akalia mbele ya majirani akimshukuru Mungu, na mimi nikamtazama nikashindwa kumrekebisha, nikasema moyoni kesho nitamwambia, na kesho yake ilikuwa Ijumaa, wakachinja mbuzi, wakasoma dua. Sasa ami yangu Godhana, mdogo wa marehemu baba, anasema tutaenda naye mpaka ndani ya ofisi kwa sababu binti wa watu haendi kupewa jambo kubwa bila mtu wa kumsemea, ameshafua kikoi chake, na mama amejaza samli kibuyu kizima ya kumpelekea Asenath.

Nitakueleza ukweli wote. Nimepanga niifiche CV mkobani, na nusu saa ikikaribia kuisha niitoe mezani nimwombe kazi, maana mbele ya mzee aliyetoka mbali hivyo ataona haya kunikatalia. Pia nimenakili mtandaoni maswali ishirini ambayo mengine siyaelewi, na kila siku nafanya mazoezi ya kuongea Kiingereza cha watu wa Nairobi, kwa sababu nilimwambia natoka Pwani tu, Garsen sikuitaja.

Katika haya yote namkumbuka baba mpaka machozi yananitoka, kwa sababu nikiufikiria utoto wangu namwona yeye akiondoka. Tulikuwa tunakaa nyuma ya Wenje, mbali na mto, na mvua ikikosekana watu walimtuma baba, Galgalo, aende kutazama malisho upande wa delta, naye alikuwa anafunga kikoi, anachukua fimbo na maji, na pale mlangoni anamwambia mama maneno yale yale kila mwaka, "Naenda kuangalia tu. Ng'ombe wabaki," halafu anakwenda peke yake kwa miguu. Alituhadithia alivyofika Chara kwa Mpokomo mmoja, Komora, akakaa kwake siku tatu akimsaidia kupalilia mpunga na kumuuliza maji hukaa wapi muda mrefu, mbung'o wanaoua ng'ombe hutoka mwezi gani, na habari ya kuleta ng'ombe hakuitaja hata mara moja, na siku ya tatu Komora mwenyewe akamwambia mpunga ukishavunwa leteni ng'ombe wenu kule nyuma. Akirudi nyumbani mama anamkaangia buni za kahawa kwa samli na kuzitia maziwa, nyumba nzima inanukia, hakuna anayeruhusiwa kumsemesha mpaka anywe, halafu mama ndiye anauliza wa kwanza, "Umeona nini?" na sisi watoto tunasogea karibu tusikie. Mwaka mmoja aliporudi alikuta nyumba zimeshabomolewa na mikeka imekunjwa kwa kuwa watu walikuwa na hakika ya kuhama, akasema nyasi zipo lakini mbung'o wapo, tusiende, na ami Godhana alimnunia mwezi mzima, na familia mbili zilizokwenda zilirudi na fimbo tupu. Siku hizi tuna nyumba ya mabati, buni mama hukaanga Idi kwa Idi, na baba huu ni mwaka wa nne tangu tumzike. Angekuwepo yeye ningemwambia na asingenicheka.

Sasa Bi Kibibi, nijiandae vipi, na mama nimwambie nini, au ninyamaze tu niende nikaombe hiyo kazi, Mungu anaweza?

Abdia, Garsen

Bi Kibibi anajibu

Marahaba, Abdia mwanangu.

Nianze na linaloniudhi, tutapatana baadaye. Mtu amekwambia wazi kwamba hana kazi ya kukupa, na wewe unapanga kumvizia na CV ya kificho, na ami juu! Huko si kujiandaa, ni kumtega aliyekufungulia mlango. Atakujibu kwa heshima, atakusindikiza, na siku binti mwingine wa Garsen akimwandikia, hatajibu. Na hilo la mama yako ni zito zaidi. Mficha uchi hazai, na wewe umeuficha mpaka mbuzi wa watu ameliwa.

Lakini ile sehemu ya baba yako nimeisoma mara tatu. Mimi ni mtu wa Kipini. Maziwa niliyolelewa nayo yaliletwa na kina mama wa Kiorma, na hakuna aliyempimia mtu maziwa kabla ya kuulizana habari za mvua, za njia, za wagonjwa wa huku na huku. Mimi na haraka zangu za kitoto nilikuwa nanung'unika na kikombe mkononi, na bibi yangu akinigombeza, akinambia hao ndio gazeti letu, waache waseme. Nayakumbuka mazungumzo yale kuliko maziwa yenyewe. Leo mjukuu wa watu wale anakwenda kunakili maswali mtandaoni. Wallahi nimesikitika.

Hebu nijibu. Baba yako alipokwenda Chara, alikwenda na ng'ombe? Alikwenda na ndugu zake wa kumsemea? Angetokea kwa Komora na ng'ombe mia nyuma yake, angepewa hata maji ya kunywa? Alikwenda mikono mitupu, akashika jembe la mwenzake, akauliza na kusikiliza, na malisho akapewa bila kuyaomba. Hiyo ndiyo nusu saa yako. CV ni ng'ombe wako, mwanangu. Waache nyumbani.

Maswali ishirini yatupe. Soma kila kilichoandikwa kuhusu kampuni hiyo, usije ukamuuliza Asenath jambo ambalo ungelijua ukiwa Garsen. Muulize yale anayoyajua aliyekaa kule tu. Wiki iliyopita alifanya nini, siku kwa siku? Ni jambo gani lililotaka kumtoa kwenye kazi hii, na kwa nini akabaki? Wanaoingia wapya huangushwa na nini? Hao ndio mbung'o wa huko, uwajue mapema. Muulize angekuwa wewe angeanza na lipi mwaka huu, na nani mwingine ungefaa kuzungumza naye. Kisha nyamaza, umsikilize, uandike.

Yeye naye atakuuliza wewe ni nani. Mwambie unatoka Garsen na unakaa sokoni ukiwauliza watu kwa nini wanauza. Miaka mitatu unaifanya kazi yenyewe na hujijui, ila wenzako wanaifanya wamevaa suti. Hata mimi naifanya, na sina suti. Kiingereza chako ongea kile ulichokizoea. Nusu saa ikitimia inuka wewe, hata kama chai haijaisha. Siku hiyo hiyo mwandikie ahsante, na baada ya mwezi mwambie neno lake moja ulilifanyia nini.

Ami Godhana ni mzee wako, usimvunjie heshima. Mwombe akupeleke mpaka stendi na akupokee ukirudi, na kikoi chake avae. Samli ibaki kibuyuni, samli haiozi, siku ya kumshukuru Asenath itafika na utampelekea kwa mkono wako.

Na pengine utarudi na ile habari ya "tusiende". Pengine utaona kazi hiyo si yako. Sawa, mwenda bure si mkaa bure. Baba yako alinuniwa mwezi mzima kwa kusema kweli, na ng'ombe wenu wakapona.

Sasa mama yako. Ni leo, si kesho, hiyo kesho yako tumeshaiona ilikofika. Keti naye nyinyi wawili tu, umwombe radhi kwa kunyamaza. Usimweleze kwa maneno ya chuo. Mwambie kwa Kiorma yale maneno ya mlangoni: unaenda kuangalia tu, ng'ombe wabaki. Huenda akalia, mwache alie, hatalia kwa ajili ya kazi. Ameagana na mtu wa namna hiyo miaka yote ya ndoa yake, safari hii anaijua kuliko mimi na kuliko Asenath. Dua waliyoisoma haikupotea, anayekwenda kuangalia ndiye mwenye kuihitaji. Na ukirudi Ijumaa hatakuuliza umeleta nini. Atakukaangia buni, atangoja unywe, ndipo atakuuliza umeona nini.