Maji Uliyowapa Wanafunzi Wangu

Mama Nekesa,

Watu wa Kanduyi wanaamini nilishindwa kusema kwenye mazishi yako kwa sababu ya uchungu. Nimewaacha waamini hivyo. Ukweli nilioficha ni kwamba nilikuwa nimekukasirikia, na hasira hiyo haijaisha.

Siku ya matanga, Simiyu, yule uliyekuwa naye zamu moja kwenye mtambo wa maji kule Kitale, alinivuta kando. "Mwalimu, wacha nikuambie tu. Ile siku ulileta wanafunzi, dawa ya kuua vijidudu ilikuwa imeisha. Mama alijua. Mkubwa alisema wageni wasiambiwe."

Ulijua. Uliwatembeza watoto wangu wa kemia kutoka tangi hadi tangi, ukawaonyesha jinsi shabu inavyoshika tope na kulishusha chini, nami nimesimama nyuma nikijivunia mke wangu. Kisha zikaja glasi. Ukainua yako kwanza. "Kunyweni, si mnaona hata Mwalimu wenu hajafa?" Wakacheka. Nafula alimaliza yake akaomba nyingine. "Madam, hii ni tamu bana. Ati haina hata harufu ya dawa."

Kabla mwezi haujaisha tulimzika. Taifodi.

Na wewe ukaishi nami miaka yote hiyo. Ulinipikia, uliniombea, ulinikanda magoti haya, na hukusema neno. Mama yake Nafula bado anauza mboga na ndizi soko la Chwele. Hadi leo anayalaumu maji ya mto, na anajilaumu mwenyewe. "Ningemkataza, Mwalimu," huniambia, kisha ananiongezea ndizi. Ndizi hizo ulizila. Uliwezaje?

Siku hizi sisimami bila kushikwa mkono, na daktari ameacha kunipa matumaini. Binti yetu Nekesa atanipeleka Chwele siku ya soko. Nakuahidi nitamwambia yule mama kila kitu, na jina lako nitalitaja. Usinikasirikie. Pumzika, mke wangu. Sitakawia kukufuata.

Lakini nitaanza na langu, ambalo hata Simiyu halijui, nawe hukulijua. Ile siku nilikuona ukigeuka na kuyatema maji yako kwenye maua. Trei ilikuwa mikononi mwangu, na hakuna mtoto aliyekuwa amepokea glasi.

Nikawagawia.