Kondoo Tasa Uliyenipa

Nakwa, Babati

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko juu? Sisi huku ni wazima. Mjukuu wako ananyonya kama vile kuna mtu anataka kumnyang'anya, na dada yake Ester amepunguza wivu, ingawa si wote. Mimi mwenyewe nimepata nguvu, nachota maji bila kusaidiwa.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize, na safari hii lazima nimalize. Uliponiuliza kama nimekula mafuta ya mkia wa kondoo uliyenipa kwa ajili ya uzazi, nilikujibu nimekula. Nilikudanganya, Mama. Niliyokula yalitoka kwa muuza nyama wa mjini. Kondoo wako yupo hapa uani, anatafuna majani.

Alipofika, majirani walikuja kumtazama mmoja mmoja. Kila aliyekuja aliushika ule mkia, akaupima kwa kiganja, akaguna. Mama Zuhura mwenye duka hapa jirani alisema unatosha wazazi watatu. Nikavimba kichwa. Hata mimi nilikuwa naupima kila asubuhi.

Wiki mbili kabla sijajifungua, akakataa majani. Alisimama pembeni, kichwa chini, anahema. Baba Ester akasema ni ugeni tu, anakukumbuka wewe. Nikaamini, nikampa chumvi. Kesho yake mkojo wake ulikuwa umekolea kama chai ya rangi, na nilipomfunua mdomo nikakuta fizi zimepauka, zina umanjano. Nililia, sikufichi. Una kondoo wanne tu, umemtoa mmoja ili mimi nipate nguvu, halafu anifie mikononi kwa uzembe wangu.

Tulimwita daktari wa mifugo, dada mmoja anayezunguka na pikipiki. Yeye hakuupima mkia, aliuinua. Chini yake, kwenye ile ngozi laini isiyo na manyoya, kupe walikuwa wamejipanga, wamenenepa. Wengine walikuwa masikioni na kwenye kiwele. Akatueleza kwamba kupe hao ndio waliomwachia vijidudu kwenye damu, na kwamba kondoo aliyekulia kwenye baridi ya huko hajawahi kukutana navyo, ndiyo maana alidhoofika haraka. Kisha akanitazama.

“Mama Ester, mkia huu nyote mmeupima. Kuna aliyeuinua?”

Baba Ester ghafla akawa na shughuli nyingi na kamba ya kondoo.

Alimchoma sindano, akatufundisha kumnyunyizia dawa ya kupe na kumkagua kila siku. Akatukataza kumchinja kwa wiki kadhaa, mpaka dawa iishe mwilini. Siku tatu nilimnywesha uji mwepesi kwa kikombe, na tumbo langu lilivyokuwa kubwa, kuinama ilikuwa kazi. Siku ya nne akasimama mwenyewe, akala majani ya viazi. Nilifurahi mpaka nikamwita Mama Zuhura aje amwone akila.

Basi nilijifungua wakati kondoo bado haruhusiwi kuliwa. Ukapiga simu, ukauliza kwa furaha, na mimi nikashindwa kukuambia.

Juzi muda wa dawa uliisha, na Baba Ester akaanza kunoa kisu. Nikamwomba daktari amkague kwanza. Alimpapasa tumbo muda mrefu, akacheka. Ana mimba, Mama. Hapa kwetu hakuna dume hata la jirani, kwa hiyo ameipata huko huko kwako. Wewe ambaye hujawahi kukosea kondoo ulinipa huyu kwa sababu ni tasa.

Nisalimie kaka Paskali aliyemleta, mwambie njiani hakubeba mmoja, alibeba wawili. Nisalimie shangazi, na wanakwaya wenzako wote walioniombea.

Najua kwetu kondoo wa mzazi haachwi hai. Lakini kisu nimekificha, na Baba Ester hajakipata mpaka sasa. Kama hilo limekuudhi, panda basi uje tugombane. Ila mtoto utambeba kwanza. Nimempa jina lako.

Ni mimi binti yako,
Martina