Pini ya Kulengea na Baba Mkwe

Jumatano, vyombo vimeoshwa

Hongera kwangu. Nimeurekebisha upinde wa shule, sasa unalenga vizuri kabisa, mradi baba mkwe awe amekaa uani.

Tangu aje kututembelea kutoka Ikolo, kila nikianza mazoezi anabeba kiti chake na kukaa kulia kwangu. Kwa mila yao mkamwana hamtazami baba mkwe, naye hasemi nami moja kwa moja. Anawaambia kuku: "Nyie kuku, mtu akinyanyua kiwiko atapata." Ndaga sana, asanteni, makocha wangu.

Basi nageuza uso kushoto, na mishale nayo inakwenda kushoto, inakosa gunia la pumba na kuchoma migomba. Nikailaumu pini ya kulengea, ile ya kwenye upinde ninayoilinganisha na shabaha. Nikalegeza skrubu, nikaisogeza kushoto kidogo kidogo, maana pini ikienda kushoto mshale huenda kulia, mpaka mishale ikaingia katikati ya gunia. Nikajiona fundi.

Leo mzee kaenda Bujonde kwa dada yake. Nikasimama sawasawa, nikatazama mbele kama binadamu. Mishale yote kulia! Mmoja umetoboa ndoo ya maji.

Mashindano ya walimu ni Jumamosi na kusema kweli naogopa. Nilikuwa nairudisha pini mahali pake, mume wangu Lusajo akaja anatabasamu.

"Baba anasema Jumamosi atakuja kukushangilia."

Nikamuuliza atakaa upande gani. Akacheka, akadhani natania.

Skrubu nimeiacha imelegea.